Skupu ya boneti nilofunga mwenyewe nyumbani: skupu yenyewe poa, vilokuja nayo ni vya kutupa

Nianze na mwisho ndo mwenye haraka aende zake. Skupu nilonunua, yaani ule mdomo wa kushika upepo unaokaa juu ya boneti, ile ya plastiki ya ABS ya shilingi 6,500, naipa nne kwa tano. Tepu na skrubu walizoniwekea ndani ya boksi nazipa sifuri, na maneno ya yule kijana wa duka ati "inaongeza nguvu" siyapi hata hiyo sifuri. Sasa kama una nafasi keti nikuhadithie, manake nimemaliza wikendi mbili na nusu kwa kitu nilichodhani ni kazi ya Jumamosi asubuhi, nifunge nimalize kabla chai haijapoa.

Gari ni Subaru Impreza hatchback, ile shepu ya 2008 hivi, injini 1500, haina tabo, ile feni ya kuisukumia injini hewa kwa nguvu. Rangi nyeusi. Boneti yake bapa kama sinia. Naishi Mtopanga, hapa Mombasa, gari yalala nje, jua lote lake, mvua yote yake, na chumvi ya bahari mwaajua wenyewe inavokula chuma huku kwetu, baiskeli ya mtoto ukiisahau nje mwezi mmoja mnyororo washikana.

Kwa nini nikataka skupu? Sina jibu la maana wallahi. Asubuhi moja nilikuwa natoka Nyali kuingia mjini, nyuma yangu ikaja WRX, ile Impreza yenye tabo, ya samawati, nikaitazama kwenye kioo, ule mdomo juu ya boneti ukawa kama waniambia sogea, na mimi nikasogea. Basi. Siku hiyo hiyo saa ya lanchi nikawa niko upande wa Mwembe Tayari kwenye duka moja la mapambo ya magari naulizia bei.

Kijana akanitolea moja juu ya shelfu, akaipangusa vumbi kwa kiganja, akaniambia, "Boss, hii ukifunga gari yapumua. Utaskia tofauti hapo hapo Makupa kabla hujafika nyumbani."

Nikamuuliza, "Hata kama haina tabo?"

"Hata kama haina. Hewa ni hewa."

Hapo nisimame kidogo manake hii "hewa ni hewa" ndiyo inayowalia watu pesa. Kwenye WRX ile skupu haipelekei injini hewa ya kuvuta. Tabo ikikandamiza hewa, hewa yapata moto, na hewa ya moto ni nyepesi haina faida, kwa hivo kabla haijaingia kwenye injini yapitishwa ndani ya intakula ipoe kwanza. Subaru hiyo intakula wameilaza juu ya injini, chini ya boneti kabisa, na hapo haipati upepo wowote isipokuwa utoboe boneti uuelekeze. Hiyo ndo kazi ya skupu, kupuliza intakula. Na usifikiri ni Subaru peke yake, hapa Pwani tumezizoea bila kuzitilia maanani, itazame Prado ya dizeli, itazame Hilux Vigo ya 3.0, D-Max za zamani zile, zote zina mdomo juu ya boneti na sababu ni ile ile, intakula imekaa juu. Ukirudi nyuma zaidi kule Marekani, zile gari za mabavu za miaka ya 60 zilikuwa na kabureta juu ya injini, kwa hivo skupu ilikuwa yaipa kabureta hewa baridi moja kwa moja, Mustang ya 1969 ilikuwa hata na moja iliyofungwa kwenye injini yenyewe ikatokeza kwenye tundu la boneti, gari ikinguruma na skupu yatikisika. Raha tupu.

Sasa yangu haina tabo, haina intakula, haina kabureta. Na hewa ya kuvuta tayari yaingilia mbele kabisa, juu ya grili, hapo kuna mdomo wake wa plastiki umetoka kiwandani, yavuta hewa ya nje sio ya ndani ya boneti. Yaani hata nikitoboa tundu la kupitisha paka, injini haitajua. Ni farasi 110 ilivyotoka Japani na ni hizo hizo itakazobaki nazo, kama hawajazeeka wengine. Kwa hivo nilinunua nikijua nanunua urembo, na nikalipa roho yatulia. Lakini kijana anayemwambia mteja ataskia tofauti Makupa, huyo yuwakosea, na kuna mtu hajui ataenda kukata boneti yake kwa neno hilo.

Haya boksi. Nilifungulia barazani. Ndani kuna skupu, upana sentimita 61, urefu 43, mdomo wasimama kama sentimita 8. Nyeusi isiyong'aa, haijapakwa rangi. Plastiki yenyewe nzito kiasi, ukiigonga yatoa sauti ya ndoo nzuri sio ya ndoo ya bei rahisi, na kingo zimekatwa vizuri, hakuna zile ndevu ndevu za plastiki. Ndani ya mdomo kuna wavu mweusi umegandishwa na haujalegea mpaka leo. Hapo nilifurahi kweli. Nilikuwa nimetazama pia moja ya faibaglasi, bei ya chini kidogo, lakini ilikuwa na vishimo vishimo vya hewa kwenye uso na kingo moja nene kuliko nyingine, ile ungeipaka puti siku nzima.

Alafu kukawa na kifuko. Skrubu nne za kujitoboa, tepu ya sponji nyeupe, na karatasi ya kuonyesha mahali pa kutoboa. Zile skrubu niliziweka kwenye kizingiti cha dirisha nikasema ntazitumia kesho, kesho ikawa wiki, siku ya tisa nikizitazama zishageuka rangi ya binzari. Hazijaingia kwenye gari, hazijaguswa na maji, ni hewa tu ya Mtopanga. Yaani ningezifunga zile sai boneti ingekuwa yalia machozi ya kahawia. Tepu nayo niliijaribu kwenye mlango wa friji, nikagandisha kipande na kukining'inizia rula, jioni rula iko chini. Karatasi ya vipimo ilipishana na matundu ya skupu yenyewe kwa milimita nne. Nne! Nani alichora hiyo, na alikuwa amepanda boti?

Jambo la kwanza la kufanya kabla ya lolote ni kuiweka tu juu ya boneti na kuizunguka uitazame. Wameandika "universal" kwenye boksi na hilo neno maana yake haikutoshei wewe wala haimtoshei mwenzako. Boneti ya Impreza ina mgongo kidogo katikati, skupu chini yake imekatwa kama ya boneti iliyonyooka, kwa hivo mbele ikakaa sawa lakini kona mbili za nyuma zikainuka, penseli yapita chini yake. Ukiivuta na skrubu ikae kwa nguvu itakaa, lakini plastiki haisahau, kila siku yataka kurudi ilivokuwa, na siku moja ama yang'oka ama yapasuka.

Dawa yake ni moto wa taratibu. ABS yalainika ikikaribia joto la maji ya kuchemka. Sina mashine ya hewa moto lakini mama watoto ana kisaluni chake, nikaenda kuomba blo drai. Akanitazama. "Wataka kuikausha gari nywele?" Nikamwambia dakika tano tu. "Ukiniunguzia wanilipia mpya, na sio ile ya mtumba." Nikaitandika boneti taulo, nikaweka skupu juu yake, nikawa napuliza kona ya nyuma nikizungusha mkono bila kusimama, ukisimama mahali pamoja uso wa plastiki wang'aa na kufanya mawimbi, mimi nina wimbi moja upande wa dereva hapo, dogo, lakini mimi nalijua. Ikishalainika nikaiwekea pakiti ya unga ya kilo mbili kila kona, ziko nne juu ya boneti kama duka, nikaiacha ipoe yenyewe. Mara ya kwanza ikarudi nusu. Mara ya tatu ikashika. Penseli haikupita tena, ikapita karatasi tu, na karatasi tepu yaimaliza.

Kupaka rangi sitakaa sana. Nilipiga msasa wa maji namba 400 nyumbani, nikapaka praima ya plastiki, usiiruke hiyo manake rangi ya gari haishiki plastiki tupu, baada ya miezi yabanduka maganda kama ndizi. Alafu nikampelekea fundi wa rangi hapo Kisauni na namba ya rangi, yangu ni 32J, utaikuta kwenye kile kibao kilichopigwa kwenye gari kutoka kiwandani. Usimwambie fundi "nyeusi". Nyeusi ziko nyingi na yangu ina vumbi vumbi la kung'aa ndani. Alichukua elfu mbili, kazi safi, nikamngoja siku nne badala ya moja lakini hiyo ni kawaida yetu.

Sasa swali la kutoboa tundu kubwa la hewa. Wenzangu wawili waliniambia kata, kata, usifanye feki. Mimi nikakataa na sijuti. Boneti ukiigeuza chini ina mbavu, zile ndizo zinazoipa nguvu na zinazoifanya ijikunje vizuri ukigonga. Ukikata katikati waweza kukata ubavu. La pili, vuli. Ile mvua ya huku ikianguka haidondoki, yamwagwa. Kwenye injini hii altaneta, ile ya kuchaji betri, imekaa juu, mbele, na tundu la boneti lamwaga maji maeneo hayo hayo. WRX yavumilia sababu intakula imeziba pale chini na kiwanda kimepanga maji yaende wapi. Mimi nimepanga nini? Mimi nina drili ya kuazima. Kwa hivo skupu yangu imezibwa, wavu kwa nje, nyuma ya wavu boneti nzima. Mdhaniaye ndiye kumbe siye.

Maneno hayo hata yalikuwepo siku ya kazi, yameandikwa kwenye kanga niliyofunikia kioo cha mbele. Nilicheka peke yangu.

Kupima. Nilibandika maskin tepu katikati ya boneti kutoka kwa beji ya mbele hadi nyuma, nikipima kutoka kwa pengo la fenda la kulia na la kushoto, nikapata katikati, nikaweka skupu, nikarudi nyuma hatua kumi kuitazama. Imepinda. Nikaja nikaisukuma, nikarudi, imepinda upande wa pili. Kuna mzee jirani yetu hukaa barazani kwake mkabala, amestaafu bandarini, kazi yake ilikuwa kuwaonyesha ishara watu wa kreni, na huyo alikuwa amenitazama muda mrefu bila kusema. Mwisho akainua mkono.

"Kushoto kidogo mwanangu. Kidogo. Kidogo nilisema. Hapo. Shusha."

Wallahi ikakaa sawa mara moja, nikapima kwa tepu baadaye, tofauti ya milimita moja. Alafu akauliza, "Na hicho kidude chala nini?"

"Hakili kitu mzee, ni urembo tu."

"Basi sawa. Hata wanja hauli."

Kutoboa ndipo nilipoharibu. Kwanza, hakikisha boneti ni ya chuma au alumini, chukua sumaku ya friji, ikishika ni chuma na kutu ndio adui yako. Toa lile kapeti la chini ya boneti kama unalo, klipsi zake zavunjika kwa kuzitazama, toa polepole. Fungua boneti, tia alama ya kila tundu, tazama chini kuna ubavu au hakuna. Usitoboe boneti ikiwa imefungwa, drili ikipenya yapenya ghafla na chini yake kuna vitu vya pesa. Shemeji yangu alikuwa ananishikia kipande cha mbao kwa chini, kila tundu. Nikapiga alama kwa msumari ili biti isiteleze juu ya rangi, nikaanza na biti ya milimita 3 alafu nikapanua na ya 6. Matundu mawili yakaenda vizuri, la tatu stima ikapotea. Saa tatu nzima. Tukakaa na boneti ina matundu mawili na nusu, tukala viazi karai.

Stima iliporudi nikamaliza haraka haraka jioni, giza laingia, nikapangusa juu juu nikafunga boneti nikaenda kuswali. Asubuhi boneti ina madoadoa ya kahawia kama mtu amenyunyiza binzari kwa kidole. Zile chembe za chuma za drili, ndogo kama mchanga, zilibaki juu ya rangi, umande wa usiku ukazipata, zikashika kutu na kujigandisha kwenye klia, ile rangi ya juu isiyo na rangi. Kanga niliiweka kioo nikaacha boneti yenyewe wazi, akili hizo. Ilinichukua asubuhi yote na udongo wa kusafishia rangi, ule wa kufinyanga kama chapati, kuyatoa, na mawili hayajatoka. Kwa hivo funika kila mahali, acha duara la tundu tu, na ukimaliza usipanguse kwa kitambaa manake wazisugua, zivute kwa sumaku iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni, alafu geuza mfuko.

Tundu lililotobolewa ni chuma uchi. Nikapiga msasa kidogo kingo zake, nikapaka praima ya kuzuia kutu kwa brashi ndogo, juu na chini na ndani ya tundu kwenyewe, mara mbili, nikaacha ikauke siku nzima. Watu wengi waruka hapa. Wasema skrubu itaziba. Haizibi, maji huingia chini ya skupu na hukaa huko gizani yafanye kazi yake, utajua siku rangi imefura.

Badala ya zile skrubu za binzari nikanunua bolti nne za stainless za milimita 6, washa za mpira juu na chini ili stainless isikutane na chuma cha boneti, huku kwetu kwenye chumvi zikikutana chuma cha boneti ndicho kinacholiwa, na nati zile za plastiki ndani ambazo hazilegei. Shilingi 280 zote. Na tepu nikanunua VHB ya 3M, ile ya kijivu nzito, 1,200, hapo usionee pesa uchungu. Hii tepu masharti yake ni mawili tu, usafi na subira. Ya kusafishia usitumie spiriti ya duka la dawa, nyingine huwa zina mafuta ndani kwa ajili ya ngozi na yabaki juu ya rangi. Nenda kwa fundi simu, wao wana IPA, spiriti isiyo na mafuta ya kusafishia bodi za simu, akuuzie kichupa, uchanganye nusu kwa nusu na maji safi. Nilitaka kugandisha alfajiri kabla ya jua, nikakuta boneti imelowa umande, huwezi. Mchana boneti nyeusi ya Mombasa huigusi mara mbili. Nikangoja mpaka baada ya alasiri, kivuli cha nyumba kimefika, chuma kimepoa lakini kikavu, ndo wakati wake.

Ukishagandisha kandamiza. Zile pakiti nne za unga zikarudi kazini. Baada ya dakika ishirini tepu ina nusu ya nguvu zake, baada ya siku moja ina asilimia 90, na yote yatimia saa 72. Siku tatu gari haikutoka, nilienda kazini na tuktuk, na siku ya pili kunguru akaamua hapo ndo kwake, akawa yuwadonoa kona ya tepu ilotokeza, nikamfukuza, yuwarudi, nikamfukuza, yuwarudi na mwenzake. Kata tepu milimita tatu ndani ya ukingo isionekane, utanishukuru. Ukingo wa mbele pekee nikapitisha silikoni nyeusi nyembamba ili maji na upepo visiingie, nyuma nikaacha wazi maji yapate pa kutokea.

Nikaiona nimemaliza. Wiki mbili baadaye, kona ya nyuma kulia, mstari mwembamba kama unywele kutoka kwenye bolti. Ufa. Na kosa ni langu, sio la skupu, ndo maana bado ina nne yake. Plastiki hupanuka na joto mara kadhaa kuliko chuma, skupu ya sentimita 61 ikitoka baridi ya alfajiri kwenda jua la saa saba yataka kutembea milimita moja na zaidi, na mimi nilikuwa nimeibana kila kona kwa bolti iliyoingia tundu lake sawasawa, nikakaza na spana mpaka ikalia. Itembee wapi? Ikapasuka. Nikafungua zote nne, nikapanua matundu ya plastiki yakawa marefu kidogo kama punje ya mchele, nikarudisha washa ya mpira, nikakaza kwa vidole na nusu zungusho ya spana basi. Ufa nikaujaza gundi ya ABS kwa ndani na fundi akanigusia rangi. Tangu hapo miezi mitano, masika yote imepita juu yake, hakuna ufa mpya.

Barabarani je? Niliipeleka bypass ya Dongo Kundu Jumapili asubuhi, nikafika 100, haitikisiki, hailii. Kuna mvumo mdogo wa upepo ukizidi hapo, kama mtu apuliza chupa kwa mbali, redio yaumaliza. Mafuta ni yale yale. Nguvu ni zile zile, nimepita Makupa mara mia na sijaskia tofauti yoyote. Kuona mbele hakuna shida kwa mimi niliye mrefu, lakini mama watoto yuwasema akiegesha kile kidude chamzibia pembe ya mbele, na kweli nikikaa alipokaa yeye naona, kwa hivo kama dereva wa nyumbani ni mfupi iweke kwanza bila kufunga mkae kwenye siti mtazame. Pale tunapooshea magari mwambie kijana asielekeze bomba la presha ukingoni mwa skupu, mimi humwambia kila wiki na kila wiki husahau na tepu haijali.

Hesabu yangu: skupu 6,500, rangi 2,000, tepu 1,200, praima 450, silikoni 350, IPA 300, bolti na washa 280. Jumla 11,080, bila kuhesabu viazi karai wala tuktuk. Fundi mmoja alikuwa ameniambia kufunga tu ni elfu nne, vifaa juu yangu.

Duka nilirudi, sikuenda kugombana, nilienda na skrubu moja mfukoni nikaiweka kaunta. Kijana akaitazama akasema, "Ah, hizi za boksi huwa ni za kuonyesha tu boss, watu hununua zao." Nikamuuliza mbona hukuniambia siku ile. Akacheka, akanipa kinukizi cha kuning'iniza kwenye kioo, cha nazi. Nikachukua. Skupu za aina hiyo walikuwa wamebakisha tatu, moja ina mkwaruzo ubavuni, ukienda omba wakupunguzie hiyo manake msasa utaipitia hata hivyo.

Shemeji sasa yuwataka ya Fielder yake. Nimemwambia aje Jumamosi baada ya alasiri na tepu yake mwenyewe, mzee jirani nshamuomba na amekubali kuonyesha ishara, blo drai ndo bado tunaijadili.